Mtoto anataka kutengeneza kalamu ya gamba la nyoka? Haya ayajue mzazi

Shule zikifungwa, simu ya nyumbani huzaa mafundi. Mmoja anataka kuoka keki, mwingine kusuka mikoba, na siku hizi yupo anayemfuata mama yake na video ya Mmarekani anayetengeneza kalamu yenye gamba la nyoka ndani, linang'aa kama liko chini ya kioo.

Wazazi wengi hushtushwa na neno nyoka. Kinachostahili kuulizwa kwanza ni kile kimiminika kinachomwagwa juu ya gamba.

Inavyotengenezwa

Huko Marekani na Uingereza, kazi hii hufanywa na watu wanaokereza mbao kwa kujifurahisha, wengi wakiwa kwenye gereji za nyumbani. Gamba alilojivua nyoka wa kufugwa huoshwa, hukaushwa, kisha hugundishwa kwenye mrija mwembamba wa shaba. Mrija hupakwa rangi kwanza, kwa kuwa gamba huonyesha kilicho chini yake. Baada ya hapo huzibwa ncha, huwekwa kwenye kalibu na kumwagiwa resini.

Wazoefu huingiza kalibu kwenye tangi maalumu la upepo wa presha ili viputo vya hewa vinywee. Sufuria ya presha ya jikoni haifai kwa kazi hiyo, inaweza kupasuka. Resini ikiganda, kipande hukerezwa kwa mashine, hupigwa msasa na kung'arishwa.

Hatari iliko

Resini inayopatikana kwa urahisi ni epoksi, ileile ambayo mafundi samani wa Dar es Salaam na Nairobi huitumia kwenye meza. Huja katika chupa mbili, resini na dawa ya kuigandisha. Kabla haijaganda sawasawa, inaweza kusababisha mzio, yaani aleji, ikigusa ngozi.

Ujanja wake ni kwamba mara za mwanzo huenda kusitokee kitu. Kijana hushika mikono mitupu wiki ya kwanza na ya pili, akaona yuko salama. Kisha siku moja vidole vinawasha, vinatoka malengelenge, hata kope zinavimba. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu. Epoksi imo kwenye gundi, rangi za sakafu na boti. Kijana wa miaka 15 anaweza kujifungia milango ya ufundi kabla hajauanza.

Aina nyingine zina yake. Resini ya poliyesta hutoa harufu kali inayoleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na dawa ya kuigandisha inaweza kupofusha jicho. Ya poliyurethani inaweza kuamsha pumu. Mtoto mwenye pumu asiwe karibu resini inapochanganywa wala inapokerezwa.

Vumbi nalo si la kudharau. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini la resini, wala haizuii mvuke wake.

Mzazi akikubali

Kazi ifanyike nje au mahali penye upepo wa kutosha, mtu mzima akiwepo. Mtoto mdogo asichanganye resini. Anayechanganya avae glavu za naitrili, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu. Achanganye kidogo kidogo, maana resini nyingi ndani ya kikombe huchemka yenyewe, ikatoa moshi na kuyeyusha plastiki.

Ikimwagikia ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji. Thina haifai, huisukuma zaidi ndani ya ngozi. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri aone kama litapoa. Vikombe vya jikoni visitumike, na chupa za resini zikae mbali na watoto.

Mashine ya kukereza aendeshe fundi aliyevaa barakoa maalumu ya vumbi. Msasa ulowekwe maji ili vumbi lisiruke.

Na gamba lenyewe?

Nyoka na magamba yao wanaweza kubeba bakteria wa salmonella, wanaoleta homa na kuhara. Watoto chini ya miaka 5 wasiyashike, na wakubwa wanawe kwa sabuni. Kumtuma mtoto akalitafute vichakani ni kumtuma kwa nyoka mwenyewe. Tena ngozi ya mnyamapori ina sheria zake, Kenya na Tanzania, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi.

Nyumbani kuna mbadala. Kipande cha kanga kuukuu, majani makavu au manyoya ya kuku yaliyosafishwa nayo hupendeza ndani ya resini. Mtoto achague ua la kanga ya bibi, alizungushe kwenye mrija na kuligundisha mwenyewe, halafu ampishe mtu mzima aliyevaa glavu amwage.