Wenzetu Wametajirika... Akina Nani Hao?

Kila ukizuka mjadala wa madini hapa kwetu, lazima atokee msomi mmoja atuambie tuige Australia. Eti wenzetu wamechimba na wametajirika. Sawa bwana, hebu twende huko huko, jimbo la Western Australia. Si wageni kwetu hata kidogo, maana mgodi wa Golden Pride pale Nzega uliendeshwa na kampuni ya Perth.

Jimbo hilo lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.5, yaani Tanzania mbili na nusu na chenji inabaki. Watu ni takriban milioni 3 tu, wengi wamejazana Perth. Kaskazini kuna Pilbara, nchi ya mawe mekundu. Chuma cha huko ndicho kinachoifanya Western Australia itoe zaidi ya theluthi moja ya chuma ghafi chote duniani.

Waingereza waliweka koloni kwenye Mto Swan mwaka 1829, wakagawana ardhi kana kwamba haina mwenyewe. Wenyeji asilia wa Pilbara wakaishia kuchunga kondoo wa walowezi, wengi kwa ujira wa unga, chai na sukari. Mei 1946 wakagoma, na mgomo ukadumu miaka mitatu. Huo ndio uchapakazi tunaohubiriwa?

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge ili ipate chuma. Binadamu walikuwa wakiyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita! Humo ulipatikana mkanda wa nywele zilizosukwa wa miaka 4,000, na vipimo vya DNA vikaonyesha kuwa wenye nywele hizo ni wahenga wa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura wanaoishi leo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Kibali kilitolewa mwaka 2013, kwa sheria ya mwaka 1972 ya kulinda urithi wa wenyeji hao hao. Mchimbaji akinyimwa kibali alikuwa na haki ya rufaa. Mwenyeji hakuwa nayo.

Baada ya kelele za dunia nzima, mkurugenzi mkuu na wenzake wawili wakaondoka. Sheria mpya ikaanza Julai 2023. Wakulima na wenye ardhi wakaja juu, na Agosti serikali ikatangaza kuifuta! Wakairudia ile ya 1972, safari hii wenyeji nao wakapewa haki ya rufaa. Rufaa ipo, mapango hayapo.

Kwa hiyo ndugu msomi, usinitajie tani walizouza. Niambie kwanza mwenye kijiji alikuwa na uwezo gani wa kusema hapana, akasikilizwa. Kama hakuwa nao, unatuambia tuige nini?