LORI LETU HALINA NJAA YA BETRI

Ndugu wanachama,

Lori limegoma tena na korosho zimelala ghalani. Tayari wapo wanaosema tununue betri mbili mpya. Sisi tunapinga! Hela hiyo ni jasho la wakulima. Nani kaipima betri? Hakuna.

Stata ikilia "ka!" tu na taa zikafifia, hapo ndipo tushuku umeme. Hata hivyo tuanze na vichwa vya betri, huenda vina ule unga mweupe, au waya wa athi umelegea. Maji ya moto, brashi na spana, basi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 kwenye mita.

Lakini letu stata inazungusha vizuri, ila injini haiwaki! Betri ina kosa gani hapo? Tangi liliachwa likakauka, hewa ikaingia kwenye dizeli. Legeza nati ya kutolea hewa pale kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. (Na kuliserereshea mtelemkoni tukome, injini ikizima breki hazishiki vizuri.)

Tunadai kamati isitoe hata shilingi kabla fundi hajapima mbele yetu.