Kilwa, Kasapa na sheria moja yenye milango mingi

Tarehe 28 mwezi wa sita 2007, tribinali ya kijeshi ya Lubumbashi ilisoma hukumu yake juu ya mauaji ya Kilwa. Washitakiwa walikuwa 12: askari 9 wa jeshi la taifa, pamoja na wafanyakazi 3 wa kigeni wa kampuni ya madini Anvil Mining. Juu ya mambo ya Kilwa, hakuna hata mumoja wao mwenye alipatikana na kosa. Tangu siku ile watu wengi katika muji wanamaliza mazungumuzo kwa neno moja: muzungu hafungwi.

Neno lile liko na ukweli ndani yake, lakini halielezi yote. Mutu akiangalia muzuri namna kesi ile ilipita, ataona pia juu ya nini kijana wa Katuba ao wa Kenya anaweza kukaa Kasapa miezi mingi bila kusimama mbele ya muamuzi.

Mambo yenye yalifanyika Kilwa

Mwezi wa kumi 2004, kikundi kidogo cha waasi kilishika Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, karibu kilometa 350 kutoka Lubumbashi. Kilwa ndiyo ilikuwa bandari ya mugodi wa Dikulushi, kwenye Anvil ilikuwa inachimba shaba na fedha. Askari wa jeshi la taifa walirudisha muji mikononi mwao mara moja, tarehe 15. Kisha mauaji na wizi vikafuata. Uchunguzi wa MONUC ulihesabu wafu wasiopungua 73, na ulionyesha kwamba kati yao kulikuwa watu wenye waliuawa hivihivi, bila hukumu.

Magari ya kampuni yalibeba askari, na ndege yenye kampuni ilikodi iliwaleta kutoka Pweto. Anvil haikukana kwamba vyombo vyake vilitumika. Ilisema kwamba serikali ndiyo ilivichukua kwa lazima, na kwamba haikuwa na namna ya kukataa.

Mbele ya tribinali, maelezo yenye yalishinda ni kwamba watu walikufa juu ya mapigano kati ya jeshi na waasi. Kanali Ademars Ilunga, mukubwa wa askari wale, alipewa kifungo cha maisha, lakini ni juu ya mauaji mengine, hayakuwa ya Kilwa. Louise Arbour, wakati ule Kamishna Mukubwa wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu, alionyesha wasiwasi wake juu ya hukumu ile. Mwisho wa 2007, rufaa ya familia za wafu ilikataliwa.

Je, ni rangi ya ngozi tu?

Kama ingekuwa rangi peke yake, askari Wakongomani wangefungwa juu ya Kilwa, na wageni peke yao ndio wangerudi kwao. Haikuwa vile. Wote walisafishwa pamoja juu ya Kilwa. Kwa hiyo inafaa kutafuta sababu katika namna kesi yenyewe ilijengwa.

Kwanza, ilikuwa tribinali ya kijeshi. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kwenye kifungu cha 156, inasema kwamba tribinali za kijeshi zinahukumu makosa ya watu wa jeshi na wa polisi. Lakini hapa raia walihukumiwa pale, na familia zenye zilitafuta haki juu ya mambo ya askari zilipaswa kuitafuta mikononi mwa askari wengine. Pili, mwendesha mashitaka mwenye alikuwa anafuata dosie alipelekwa kazini pengine wakati kesi ilikuwa ingali inaendelea. Tatu, iko ule mwendo. Kutoka Kilwa mupaka Lubumbashi, mujane anahitaji transpo, mahali pa kulala, chakula, na moyo wa kusema mbele ya watu wenye bunduki. Kampuni haihitaji hata kimoja kati ya vitu vile. Iko na maavoka, iko na ofisi, iko na wakati.

Familia zilijaribu mulango mwingine. Huko Kanada, tribinali ya Quebec ilikubali mwaka wa 2011 kusikia mashitaka juu ya Anvil. Mwanzoni mwa 2012 tribinali ya rufaa ilisema kwamba kesi ile haiwahusu, na mwisho wa mwaka ule tribinali kubwa ya Kanada ilikataa kuifungua tena. Hivi Lubumbashi ilisema hakuna kosa, na Kanada ikasema si kazi yake.

Ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ndiyo ilisikia. Uamuzi wake, wenye ulijulikana mwaka wa 2017, ulisema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za watu wa Kilwa. Ilipaswa kulipa dola milioni 2.5 kwa wahanga 8 na familia zao, kutafuta wahanga wengine, na kufungua tena mashitaka, pamoja na ya wafanyakazi wa kampuni. Lakini Tume haina polisi. Uamuzi wake unategemea mapenzi ya serikali ileile yenye ilishitakiwa.

Mizizi iko ya zamani

Wazee wa Lubumbashi wanajua kwamba wakati wa Élisabethville ubaguzi ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria. Muji wa wazungu ulitengwa na site ya weusi, na usiku mweusi hakuweza kutembea kule bila karatasi. Muzungu alihukumiwa na waamuzi wenye kusomea kazi ile. Mweusi, kwa makosa madogo, alisimama mbele ya mutawala wa wilaya, mwenye alikuwa polisi na muamuzi kwa wakati mumoja. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, na askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira. Makumi ya watu walikufa.

Uhuru ulifuta mistari ile ya rangi. Tarehe 7 mwezi wa sita 1966 ikaja sheria yenye kuazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Lakini mwaka wa 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine katika Katanga, sheria ile ilikuwa ingali na nguvu. Watu mamia ya maelfu walipoteza nyumba na kazi, na wengine walikufia kwenye stasio wakingoja treni. Hata vile, hakukuwa kesi kubwa yenye kuwapeleka wachochezi mbele ya muamuzi. Ndiyo maana mupaka leo, kila mara wizi unapozidi katika kartie na watu wanaanza kunyoosha kidole kwa "wenye walikuja", maneno yanawaka upesi sana. Kidonda chenye hakikusafishwa kinauma hata ukikigusa polepole.

Kasapa, mulango wa masikini

Gereza la Kasapa lilijengwa kwa watu 800. Wakati fujo na moto vilitokea pale mwezi wa tisa 2020, lilikuwa na karibu watu 2,000. Kwa siku tatu wanawake wafungwa walibakwa na wafungwa wengine, bila mutu kuwalinda. Katika magereza ya Kongo, wengi wa wenye kufungwa hawajahukumiwa. Wanangoja tu.

Hapa ndipo Kilwa na Kasapa zinakutana. Mwenye feza, jina kubwa ao ubalozi nyuma yake anapata avoka siku ya kwanza. Mwenye hana anasikia kesi yake ikisemwa kwa Kifaransa chenye hakielewi, na kutia sini kwenye karatasi yenye hajasoma. Rangi, kabila na umasikini havifanani, lakini vyote vinapita kwenye nafasi ileile: pale sheria inapongoja mutu ajue haki yake mwenyewe na alipe ili ifuatwe.

Na haki zile zimeandikwa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba mutu mwenye kukamatwa anapaswa kuelezwa sababu palepale, katika luga yenye anaelewa, na kwamba polisi haiwezi kumushika kupita saa 48. Kifungu cha 17 kinasema kwamba uhuru ndio kanuni, na gereza kabla ya hukumu ni kwa nadra. Kifungu cha 19 kinamupa haki ya kuwa na avoka tangu kuhojiwa kwa polisi. Kama muamuzi anamufungulia kwa kosyo, feza zile zinawekwa kwa grefye wa tribinali, na mwenye kutimiza masharti anarudishiwa. Feza zenye kupita mkono kwa mkono pembeni ya kashо si kosyo.

Familia yenye ndugu yake iko ndani inaweza kuanza na mambo matatu: kuandika siku na saa ya kukamatwa, kuuliza namba ya dosie kwenye parke, na kufika kwa maavoka wa Baro wenye kusaidia wasio na uwezo. Ni kazi ya kuchosha, na haikupasa kuwa kazi ya familia. Lakini dosie yenye mutu anaifuatilia haisahauliki upesi ndani ya kabati.

Kilwa inafundisha jambo moja zaidi. Watu wa kule walikataliwa Lubumbashi, wakakataliwa Kanada, na waliendelea miaka zaidi ya kumi mupaka walipata chombo chenye kilisema kwamba wafu wao walikuwa na haki. Malipo na kesi mpya vinabaki juu ya serikali. Swali lenye wakaaji wa jimbo wanaweza kuuliza viongozi na wabunge wao ni lile lile: uamuzi ule, mumeufikisha wapi?