Hicho Kichupa Kitupeni Leo

Mwezi uliopita, kwenye duka moja la dawa hapa Kalangalala, nilisimama nyuma ya kijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kipande cha jiwe kilimrukia jichoni siku nne nyuma. Alipoondoa leso, niliona doa jeupe juu ya mboni, kama punje ya mchele, na kope zimegandana kwa usaha. Muuzaji hakumuuliza lolote. Akampa matone, akapokea elfu mbili, akageukia mteja mwingine. Kijana akatoa mfukoni kichupa kingine cha nusu alichoazimwa kambini, mdomo wake una tongotongo lililokauka, akaniuliza kama avichanganye.

Nilimpeleka hospitali. Jicho lile sasa linaona mwanga tu.

Sababu za macho kupotea hivi tunazijua: vumbi, umaskini, foleni, na antibiotiki zinazouzwa kama karanga. Lakini kuna jambo wengi hatulijui. Pitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa wiki nzima bila kusuguliwa. Utelezi ule ni makazi ya bakteria, wamejishikiza pamoja na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Utando kama huo huujenga kwenye mdomo wa kichupa, kwenye kijiwe kilichonasa jichoni, hata kwenye uzi wa mshono. Wakiwa humo wanaweza kustahimili dawa hata mara elfu ya kipimo kinachowaua wakiwa peke yao. Ukitia matone siku mbili ukaacha kwa kuwa wekundu umepungua, wamekufa walio dhaifu. Waliobaki ndio watakaozaliana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu hili la dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Ni miaka themanini, na bado tunaazimana vichupa!

Januari 2024, macho mekundu yaliposambaa nchini, Wizara ya Afya ilisema wazi kuwa ni virusi, ikatusihi tusijitie dawa kiholela. Antibiotiki haiui kirusi. Sisi tukakimbilia madukani.

Ndugu zangu, inatosha. Jiwe likikuingia jichoni, usifikiche, usimruhusu mwenzako akuchokoe kwa ncha ya kitambaa. Suuza kwa maji safi mengi, kisha nenda kwa mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo, hata kama mawe yako yapo kwenye zamu ya kusagwa. Ukipewa dozi, imalize. Kichupa ni cha mtu mmoja, na kikifunguliwa, mwisho wake ni siku 28.

Dada na kaka wa maduka ya dawa, mnaujua wajibu wenu. Jicho lenye doa jeupe si la kuuziwa matone, ni la kupelekwa hospitali. Kumgeuza mteja huyo mlangoni ni kumwokoa. Na viongozi wa mitaa, liwekeni suala hili kwenye mkutano ujao, lisimamieni, msisubiri kuagizwa.

Wenye makarasha, kwenu ninasema kwa uchungu. Gramu moja ya dhahabu inanunua miwani ya kazi kwa kikosi kizima. Mnapima mchanga wa kila mfuko, lakini macho ya wanaousaga hamyahesabu.

Kijana yule amebakiwa na jicho moja zima. Jumatatu alirudi karashani, bila miwani. Wewe unayemlipa, mnunulie leo.