Uji wa Soya Haufungi Kizazi

Akina mama, na ninyi akina baba pia,

Siku ya mgao si ajabu kuona unga wa uji wa mahindi na soya, ule wanaopewa wajawazito na wanaonyonyesha, ukiuzwa sokoni kabla jua halijazama. Wengine wanauuza ili wapate sabuni na chumvi. Hao tunawaelewa. Lakini wapo wanaosema: "Soya inafunga kizazi, inavuruga hedhi." Kwa maoni yetu, uvumi huu unawanyima chakula wale wanaokihitaji zaidi. Tuujibu, tusiucheke.

Uvumi huu una chanzo. Ndani ya soya mna viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, yaani homoni ya kike. Viini vya namna hiyo vimo pia katika majani yaitwayo klova. Katika miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo wengi waliolishwa klova walishindwa kushika mimba. Hilo ni kweli. Lakini kondoo wale walikula klova kutwa nzima, na tumbo la kondoo huvigeuza viini hivyo kuwa vikali zaidi. Wewe unakunywa bakuli la uji. Estrojeni ya mmea ina nguvu ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mwili wako. Wanawake wa China na Japani wamekula soya kwa vizazi vingi, nao wanazaa. Hata sisi tuliotoka Kivu na Burundi, wengi tumeiona soya mashambani kwetu.

Je, hedhi yako imebadilika? Usiusingizie uji. Jiulize kwanza: Je, nina mimba? Je, nanyonyesha mchana na usiku? Je, nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Sindano hiyo mara nyingi huvuruga hedhi au kuisimamisha, na hedhi hurudi baada ya kuiacha, hata kama itachelewa. Je, nimekonda sana, au nina mawazo mengi? Njaa na hofu pia husimamisha hedhi. Hapo kuuza unga ni kuongeza tatizo.

Zipo dalili ambazo si za kungoja: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kutokwa damu baada ya hedhi kukoma uzeeni, damu nyingi kupita kawaida, au uvimbe kwenye titi. Nenda kituo cha afya mapema. Huenda ni ugonjwa mdogo, huenda ni saratani, na saratani inatibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.

Jihadhari pia na wauzaji wa unga wa mizizi "wa kusawazisha homoni". Chakula ni chakula. Dawa isiyojulikana kipimo chake ni jambo lingine, hasa kwa mjamzito.

Mwisho, lawama nyingine ni yetu sisi wahudumu wa afya. Tunagawa unga, tunapiga muhuri kwenye kadi, tunaita mwingine. Mama anaondoka bila kujua amepewa nini na kwa nini. Palipo kimya, uvumi hukaa. Basi mama, ukija tena kwenye mgao, uliza. Ni haki yako kujibiwa. Kisha rudi nyumbani, upike uji wako, unywe.