Meno ya chuma

Wiki hii naandika huku shavu limevimba. Jumamosi nilijitia ubabe mbele ya masela, nikafungua soda kwa meno. Kizibo kikatoka, na kipande cha jino kikatoka nacho! Nilichekwa, bwana wee!

Mwenye haki ya kutamba kwa meno ni kitoni mkubwa, Cryptochiton stelleri, jamaa wa ukoo wa konokono. Anaishi bahari ya baridi, kuanzia California hadi Alaska, na ng'ambo mpaka Kamchatka na Japani ya kaskazini. Anapita sentimita 30 na kilo 2. Mgongoni ana vigae 8, ila vyote kavifunika kwa ngozi ya wekundu wa udongo. Ukimwona utadhani pande la nyama limesahauliwa mwambani. Kichwani macho hana. Lakini ulimi wake una safu za meno yaliyovikwa magnetaiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Anakwangulia mwani, na safu ya mbele ikichakaa, ya nyuma inasogea kushika nafasi.

Mimi na wewe je? Tukishaota ya ukubwani, basi tena. Kwa hiyo dada'ngu, kaka'ngu, omba opena. Mie Jumatatu niko kwa daktari wa meno. Tuonane wiki ijayo!