Mbulu iliwahi kusema hapana

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti kimoja ilichokikosa ni cha Mbulu, na Mbulu ya siku zile ilikuwa bado imeibeba Hanang yote, pamoja na Katesh na Balangdalalu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, hakuridhika na uamuzi huo. Akachukua fomu kama mgombea binafsi, akashinda. Kura ile haikuwa ya kila mtu, kwa sababu mkoloni aliweka masharti ya kujua kusoma au kuwa na kipato fulani. Hata hivyo, ndani ya uwanja ule mwembamba, mtu aliyekataliwa na chama aliweza kulipeleka jina lake moja kwa moja kwa wananchi, na wananchi wakaweza kukijibu chama. TANU haikuvunjika kwa kukosa kiti kimoja. Uhuru haukucheleweshwa na Mbulu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilijitawala, na Sarwatt akiwa mbunge.

Leo Sarwatt asingefika hata kwenye karatasi ya kura. Ibara za 39 na 67 za Katiba ya 1977 zinataka mgombea urais na mgombea ubunge wadhaminiwe na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hili miaka nenda rudi: Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ikaamua Juni 2013 kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alifariki mwaka 2015 na Katiba haikuguswa. Kwa hiyo mlango wa mgombea binafsi umefungwa kwa kufuli, na anayetaka kumpinga mkubwa hana budi kupitia mlango wa vyama, ambao ufunguo wake wanao Msajili wa Vyama vya Siasa na Tume ya Uchaguzi. Tuliona mwaka 2025 jinsi mlango huo nao unavyofungwa.

Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga tarehe 9 Aprili 2025, na kesho yake akashtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Siku mbili baadaye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba chama chake hakitashiriki uchaguzi mkuu wala chaguzi ndogo kwa miaka mitano, kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Ikabaki ACT-Wazalendo na mgombea wake wa urais, Luhaga Mpina. Tume ikamwengua Agosti. Mahakama Kuu ikamrudisha Septemba 11. Siku nne baadaye Tume ikamwengua tena, safari hii kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Oktoba 29 watu wakapiga kura, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66.

Wapo wanaosema CHADEMA ilijiengua yenyewe. Hoja hii ina uzito wake na haifai kupuuzwa: kanuni zilikuwepo kisheria, vyama vingine vilisaini, na CHADEMA ilikuwa imetangaza waziwazi kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Anayegoma hawezi kushangaa akiachwa nje. Lakini kama tatizo lilikuwa saini tu, Mpina alikosa nini? Chama chake kilisaini, kikakubali kucheza kwa kanuni zilezile ambazo CHADEMA ilizilalamikia, na bado mgombea wake akaondolewa mara mbili, mara ya pili baada ya mahakama kusema arudishwe. Wapinzani wawili wenye nguvu walifuata njia mbili tofauti, mmoja wa kugoma na mwingine wa kutii, wakakutana nje ya uwanja. Hapo kosa la CHADEMA haliwezi tena kuwa maelezo. Wapo pia wanaotaja wagombea wengine 16 waliokuwepo kwenye karatasi. Kumi na sita hao kwa pamoja waligawana asilimia 2.34. Mamlaka yanayochagua nani apambane nayo, yakabakiza wale ambao yana uhakika wa kuwashinda, ni mamlaka ya kimabavu hata kama masanduku ya kura yalifika kila kituo.

Kwa mkazi wa Balangdalalu, hata hivyo, urais uko mbali. Kuenguliwa kunakomgusa zaidi ni kule kwa ngazi ya kijiji. Novemba 2019 majina ya wagombea wa upinzani yalikatwa kwa maelfu, mengi kwa madai ya makosa ya kujaza fomu, hadi vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa na wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa karibu kila mahali. Uchaguzi wa Novemba 2024 ukaleta malalamiko yaleyale, na CCM ikachukua takriban asilimia 99 ya viti vya wenyeviti wa vijiji. Mwenyekiti wa kijiji si cheo cha heshima tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri anayoiongoza ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji: nani apewe shamba, malisho yaanzie wapi, mgeni apokelewe au asipokelewe. Katika wilaya ambayo wakulima na wafugaji, Wairaqw na Wadatoga, wanategemea ardhi ileile, mtu wa kuuliza maswali ndani ya halmashauri hiyo anahitajika kama maji.

Hanang inajua gharama ya kukosa mtu huyo. Miaka ya 1970 na 1980, chini ya chama kimoja, shirika la umma la kilimo, NAFCO, likisaidiwa na Kanada lilichukua takriban ekari laki moja za malisho bora ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, kwa ajili ya mashamba ya ngano ya Basotu. Hapakuwa na chama kingine cha kuibeba hoja yao bungeni. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Anayesema kwamba maendeleo yanahitaji sauti moja awaeleze wafugaji wale ni maendeleo ya nani aliyokuwa akiyasemea.

Na kwa haki, hata chama kimoja cha Mwalimu Nyerere kiliacha upenyo. Mwaka 1965 kila jimbo lenye ushindani lilipewa wagombea wawili, mmoja alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na Paul Bomani, waziri na mmoja wa vigogo wa TANU, akaangushwa na wapiga kura. Baadaye, Tume ya Jaji Nyalali ilipowauliza wananchi, takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 nchi ikakubali, kwa kuwa wale asilimia 20 nao ni wananchi. Ukiuweka uamuzi huo kando ya asilimia 97.66, unaona tumerudi nyuma kiasi gani.

Hoja ya mwisho ni amani, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: upinzani huleta vurugu. Oktoba 29 upinzani mkubwa haukuwemo kwenye karatasi, na siku hiyo ndiyo iliyozaa maandamano, risasi, marufuku ya kutembea usiku jijini Dar es Salaam na kuzimwa kwa intaneti. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia mamia ya waliouawa. Mtu mwenye pa kuandika hapana yake kwenye karatasi hahitaji kuipeleka barabarani.

Mbulu ilisema hapana yake kwenye karatasi mwaka 1960, na haikumwaga damu ya mtu. Kumrudishia mwananchi haki hiyo hakusubiri Katiba mpya. Ibara za 39 na 67 zinaweza kurekebishwa na Bunge hili lililopo kwa kura za theluthi mbili ya wabunge, na CCM inazo kura hizo.